Dhamana ya Waziri: Uchambuzi wa Kisa cha Januari 1977

Kila mara kiongozi wa Tanzania anapotakiwa aachie ngazi kwa kosa lililotendwa na walio chini yake, jina moja hutajwa mapema katika mjadala. Ni jina la Ali Hassan Mwinyi, ambaye Januari 1977 alijiuzulu Uwaziri wa Mambo ya Ndani kutokana na mateso na vifo vya watuhumiwa waliokuwa mikononi mwa vyombo vya dola katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Kisa husimuliwa kwa sentensi mbili: askari walitesa watu, waziri akajiuzulu ingawa hakuwatuma. Baada ya hapo huulizwa kwa nini viongozi wa siku hizi hawafanyi hivyo, na mazungumzo huhamia kwa kiongozi anayelaumiwa siku hiyo. Sentensi hizo ni za kweli, ila ni fupi mno kwa uzito wa jambo lenyewe, na ufupi wake umetufanya tukiheshimu kisa bila kukielewa. Nakusudia kukifungua hapa, kwa sababu naamini ndani yake mna jibu la swali ambalo bado linatusumbua: mtu anawezaje kubeba, kwa nafsi yake, jambo ambalo mkono wake haukulitenda?

Hali ilivyokuwa Usukumani

Katikati ya miaka ya 1970, mikoa ya Mwanza na Shinyanga ilikuwa mikubwa kuliko ilivyo leo. Mikoa ya Geita na Simiyu ilikuja kumegwa baadaye, mwaka 2012. Katika vijiji vya eneo hilo watu waliotuhumiwa uchawi walikuwa wakiuawa, na wengi wa waliouawa walikuwa wanawake wazee. Mtoto akifa ghafla au ng'ombe wakipukutika, wafiwa walikwenda kwa mpiga ramli, naye akaelekeza nyumba ya jirani. Macho mekundu ya bibi aliyepika maisha yake yote kwa kuni na samadi kavu, ndani ya nyumba isiyotoa moshi, yalihesabiwa kuwa ushahidi dhidi yake. Wauaji walikuja usiku na mapanga.

Serikali isingeweza kulitazama jambo hilo na kunyamaza, na hili lapaswa kusemwa wazi kwa sababu masimulizi mafupi hulificha. Operesheni iliyozaa aibu ya mwaka 1977 ilianzishwa kwa lengo la haki. Askari na maofisa wa usalama walipelekwa vijijini ili kuwalinda wanyonge kuliko wote, yaani ajuza wasio na mume, wasio na nguvu na wasio na wa kuwatetea. Ukiondoa ukweli huo, kisa kinakuwa rahisi: wabaya walitenda mabaya, mwema akaona haya. Ukiurudisha, kisa kinakuwa kigumu na chenye mafunzo zaidi, kwa maana kinaonyesha jinsi lengo jema linavyoweza kumpumbaza kiongozi asiulize njia.

Njia yenyewe haikuwa nyepesi. Mauaji ya usiku hayana shahidi isipokuwa marehemu, na kijiji kizima huweza kunyamaza, ama kwa hofu, ama kwa kuwa wengi wanaamini moyoni kwamba aliyeuawa alikuwa mchawi kweli. Mpelelezi aliyetumwa mahali kama hapo, akiwa na wakubwa wanaosubiri matokeo, hukutana na kishawishi kimoja kikubwa, nacho ni kumfanya mtuhumiwa aseme. Watu wengi walikamatwa na kuwekwa kizuizini. Wakateswa ili wakiri, na baadhi yao wakafia mikononi mwa waliowakamata.

Zilikuwa pia nyakati za operesheni. Tangu Novemba 1973 ilikuwa imeamriwa kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 kila mwananchi wa vijijini awe anaishi katika kijiji cha maendeleo, na mamilioni ya watu walihamishwa, wengine kwa hiari na wengine kwa nguvu. Kwa maoni yangu hali hiyo iliwazoesha watendaji jambo moja la hatari, kwamba shughuli ya Serikali hupimwa kwa tarehe ya kumalizika na idadi ya waliofikiwa. Mtendaji aliyezoea kupimwa hivyo, ukimkabidhi upelelezi wa mauaji, atakuletea idadi ya watu waliokiri.

Milango minne

Wanaokisimulia kisa hiki humtaja Mwinyi peke yake, lakini hakujiuzulu peke yake. Peter Siyovelwa, Waziri wa Nchi katika Ofisi ya Rais aliyeshughulikia usalama, naye aliachia nafasi. Vilevile Peter Kisumo, Mkuu wa Mkoa wa Mwanza, na Marco Mabawa, Mkuu wa Mkoa wa Shinyanga. Kuwasahau watatu hawa kumetupotezea sehemu nzuri kuliko zote ya kisa, kwa sababu ukiziweka nafasi zao nne pamoja unaona ramani ya madaraka ilivyochorwa.

Operesheni ilifanywa na vyombo viwili. Polisi walikuwa chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na Usalama wa Taifa ulikuwa chini ya Ofisi ya Rais. Ilifanyika katika mikoa miwili, na kila mkoa ulikuwa na mkuu ambaye ndiye mwakilishi wa Serikali mahali hapo, na ambaye katika utaratibu wa TANU, chama tawala cha Bara wakati huo, alikuwa pia mtendaji mkuu wa chama mkoani. Kwa hiyo palikuwa na milango minne ambayo taarifa ya mtu aliyefia mahabusu ilipaswa kuipitia kabla ya kufika kwa Rais: miwili ya kiwizara na miwili ya kimkoa. Katika kila mlango alikuwapo mtu aliyelipwa, aliyepewa gari, ofisi na wasaidizi, ili jambo kama hilo lisipite bila kuonekana. Likapita. Kujiuzulu kwa watu wanne kulikuwa jibu linalolingana na umbo la kosa, kwa kuwa kila mlango ulijibu kwa sehemu yake, bila mmoja kuwabebea wengine mzigo wote na bila yeyote kumsukumia mwenzake.

Ni hapa ambapo mtu makini atauliza kuhusu mlango wa tano. Kama Usalama wa Taifa ulikuwa chini ya Ofisi ya Rais, na kama mawaziri na wakuu wa mikoa wote waliteuliwa na Rais, kwa nini mnyororo ulikomea kwa Siyovelwa na Mwinyi, usimfikie Mwalimu Nyerere mwenyewe? Swali hili si la uchokozi, wala halipaswi kukwepwa kwa heshima tuliyonayo kwa Mwalimu. Jibu langu ni kwamba mnyororo wa dhamana hauna budi kukatika mahali fulani, la sivyo kila kosa la askari wa doria lingeiangusha Serikali nzima. Na mahali pa haki pa kuukata ni kwa yule ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kukisimamia chombo kilichokosa. Rais huulizwa swali jingine: baada ya kujua, alifanya nini? Aliwakubalia waondoke, na baadhi ya maofisa wa polisi na usalama walioshiriki walifikishwa mahakamani na kutiwa hatiani. Hata hivyo nakiri kwamba jibu hili linaniridhisha nusu. Katika nchi ambayo Rais alishika nguvu nyingi kiasi kile, mstari kati ya msimamizi wa kila siku na mkuu wa wote ulichorwa na mkuu mwenyewe.

Cheo ni dhamana

Mwanachama wa TANU alikuwa na ahadi zake, na miongoni mwake imo hii ambayo CCM iliirithi: «Cheo ni dhamana, sitatumia cheo changu wala cha mtu mwingine kwa faida yangu.» Tumeikariri ahadi hiyo mpaka tukaacha kuisikia, na tulipoisikia tuliishia kwenye sehemu ya pili, ile inayokataza rushwa. Ya kwanza, yenye maneno matatu tu, ndiyo inayokieleza kisa cha mwaka 1977.

Dhamana ni neno la mahakamani na la sokoni kabla halijawa neno la siasa. Mtu akishtakiwa na akataka kuachiwa wakati kesi inaendelea, anatafuta mdhamini. Mdhamini hakuiba, hakupigana, pengine hata hakuwapo mjini siku ya tukio. Anasimama mbele ya hakimu na kusema kwamba mtu huyu akitoroka, mimi nitalipa. Mshtakiwa akitoroka, hakimu hamuulizi mdhamini kama alishiriki kupanga kutoroka. Anamtaka alipe. Malipo yale si adhabu ya kosa alilotenda bali ni utekelezaji wa neno alilolitoa, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayesema mdhamini ameonewa, kwa maana alisaini kwa mkono wake akijua anasaini nini.

Waziri anapoapishwa anasaini dhamana ya namna hiyo. Anawadhamini askari maelfu ambao hatawaona maisha yake yote. Anawaambia wananchi kwamba watu hawa wamepewa bunduki, pingu na funguo za mahabusu, na kwamba wakivitumia vibaya, yeye atajibu. Hilo ndilo wananchi wanalopata badala ya nguvu wanayoikabidhi dola, na bila hilo wangekuwa wameweka miili yao rehani bila mdhamini. Kwa mtazamo huu, kauli kwamba Mwinyi aliwajibika kwa kosa lisilo lake inahitaji kurekebishwa kidogo. Kosa la jinai halikuwa lake. Deni lilikuwa lake.

Tofauti hii si ya mchezo wa maneno, kwa sababu inatuepusha na makosa mawili yanayorudiwa sana. Kosa la kwanza ni la kiongozi anayesema kwamba kwa kuwa hakuna ushahidi kuwa alituma, hana la kujibu. Huyo amechanganya hatia na dhamana, kama mdhamini anayekataa kulipa kwa hoja kwamba hakutoroka yeye. Kosa la pili ni la umma unaodai kwamba kiongozi aliyejiuzulu amekiri kuwa mhalifu. Tukiendelea kulifanya kosa hilo la pili, tunawafungia mlango hata wale ambao wangependa kutoka kwa heshima, kwa sababu hakuna anayetaka kuondoka ofisini akiwa na jina la muuaji kwa damu asiyoimwaga.

Kutojua kwa waziri

Inakubalika kwamba Mwinyi hakuagiza mateso. Wengi husimama hapo na kumsifu zaidi, kana kwamba kutojua kwake kulikuwa wema wa ziada. Mimi naona kutojua ndiko kiini cha jambo lenyewe, na ndiko kunakofanya kujiuzulu kwake kuwa sahihi badala ya kuwa ukarimu.

Waziri wa Mambo ya Ndani hakai mahabusu. Anachokiona ni karatasi, na karatasi huandikwa na watu wanaotaka aridhike. Taarifa humwambia waliokamatwa ni wangapi, waliokiri ni wangapi, na wilaya ipi imetulia. Sasa chukua waziri yeyote anayeletewa taarifa kwamba katika eneo ambalo kwa miaka mingi hakuna aliyethubutu kusema, watu sasa wanakiri kwa wingi. Taarifa kama hiyo inaweza kusomwa kama habari njema. Msomaji mwenye hofu ya dhamana yake ataisoma kama swali: wamekirije? Waliohojiwa wako wapi sasa? Nani amewaona tangu wakamatwe, daktari gani, hakimu gani? Maswali hayo hayahitaji upelelezi wa siri. Yanahitaji mtu anayejua kwamba siku moja atalipa.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaoona uwajibikaji wa namna hii kama desturi ya heshima tu, jambo la kupendeza lakini lisilo na kazi. Kazi yake iko kabla ya kosa. Kiongozi anayejua kwamba kutojua hakutamwokoa atatafuta kujua. Ataingia kituoni bila taarifa, atamsikiliza mama anayelia getini badala ya kumwachia mlinzi amfukuze, atamteua mkaguzi asiyemwogopa. Kiongozi anayejua kwamba kutojua ni kinga atajenga ofisi ambayo habari mbaya haifiki, na wasaidizi wake watamwelewa hata kabla hajawaambia. Nimeona jambo hili katika ofisi ndogo kabisa, mbali na siasa za kitaifa: mahali ambapo mkuu hulipuka anapoletewa habari mbaya, habari mbaya hukoma kuletwa, na mkuu huyo siku ya mambo kuharibika husema kwa unyofu kabisa kwamba hakuambiwa. Ni kweli hakuambiwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha wasimwambie.

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikwisha kuonya dhidi ya viongozi wenye majivuno, dharau na uonevu. Kwa kawaida onyo hilo husomwa kama suala la tabia njema kwa wananchi. Kisa cha Usukumani kinaonyesha kwamba ni pia suala la habari: penye dharau, mwananchi aliyepotelewa na ndugu yake mahabusu hana mahali pa kwenda kusema.

Na hakika mwaka 1977 mahali pa kusemea palikuwa pachache. Katiba haikuwa na Hati ya Haki za Binadamu. Iliingizwa mwaka 1984, na mahakama zikaanza kuitekeleza mwaka 1988. Sheria ya mwaka 1962 ilimruhusu Rais kuwaweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani. Magazeti makubwa ya kila siku yalikuwa mali ya chama na Serikali. Chama kilikuwa kimoja Bara na kimoja Visiwani, TANU na ASP, navyo vilikuwa katika siku za mwisho kabla ya kuungana kuwa CCM tarehe 5 Februari 1977. Hapakuwa na kambi ya upinzani bungeni wala mwandishi wa kujitegemea wa kuifukua habari. Kwa hiyo mtu anayesema kwamba kujiuzulu kwa viongozi ni tunda la vyama vingi na vyombo huru vya habari anapaswa kukitafakari kisa hiki, ambamo wanne waliachia ngazi katika mfumo usio na vyote viwili. Lakini pia anayeutamani mfumo ule ajiulize ni wangapi waliokufa kabla habari haijafika juu, kwa sababu tu hapakuwa na njia nyingine ya kufika.

Kuwajibika na kuwajibishwa

Kiswahili cha siasa za Tanzania kimefanya jambo la kuvutia na neno «kuwajibika». Asili yake ni wajibu, na mwenye wajibu ni yule aliye na jambo la kutimiza. Lakini katika Bunge, magazetini na vijiweni, mtu akisema «waziri awajibike» hana maana kwamba waziri afanye kazi kwa bidii. Ana maana aondoke. Na lugha haikuishia hapo, bali ilitenganisha wawili: anayewajibika ni yule anayetoka mwenyewe, na anayewajibishwa ni yule anayetolewa. Viambishi vya mwishoni mwa neno vinabeba tofauti yote ya heshima.

Visa viwili vya baadaye vinaipima tofauti hiyo. Tarehe 7 Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa alitangaza bungeni Dodoma kuwa amemwandikia Rais barua ya kujiuzulu, baada ya taarifa ya Kamati Teule iliyoongozwa na Harrison Mwakyembe kuhusu mkataba wa umeme wa dharura wa kampuni ya Richmond. Mawaziri Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha nao wakaondoka. Lowassa aliondoka huku akilalamika kwamba kamati haikumpa nafasi ya kusikilizwa. Sitaki kuamua hapa kama lalamiko lake lilikuwa na haki. Ninachokiona ni kwamba aliondoka bila kuukubali msingi wa kuondoka, na kwa hiyo nchi ikabaki miaka mingi ikibishana iwapo alikuwa na hatia. Dhamana ilizama ndani ya mabishano ya hatia.

Kisa cha pili kinafanana na cha Usukumani kwa namna inayoumiza. Oktoba 2013 Serikali ilianzisha Operesheni Tokomeza dhidi ya ujangili, wakati ambapo tembo walikuwa wakiuawa kwa kasi ya kutisha. Lengo lilikuwa la haki, kama lile la kuwalinda vikongwe. Operesheni ilisitishwa mwanzoni mwa Novemba baada ya malalamiko ya mateso, vifo, na mifugo ya wananchi kuuawa au kutaifishwa. Desemba 20 kamati ya Bunge iliyoongozwa na James Lembeli iliwasilisha taarifa yake, na siku hiyohiyo mawaziri wanne walipoteza nafasi zao: Khamis Kagasheki wa Maliasili na Utalii, Emmanuel Nchimbi wa Mambo ya Ndani, Shamsi Vuai Nahodha wa Ulinzi, na Mathayo David wa Mifugo. Kagasheki alisimama bungeni akatangaza mwenyewe kwamba anaachia ngazi. Kuhusu wengine, Waziri Mkuu Mizengo Pinda alilitangazia Bunge kwamba Rais ametengua uteuzi wao.

Wanne mwaka 1977, wanne mwaka 2013. Lengo jema mara zote mbili, vyombo vya dola mara zote mbili, na raia walioteswa mara zote mbili. Ukiviweka visa hivi pamoja unalazimika kukubali kwamba sifa tuliyompa Mwinyi kwa miaka thelathini na sita haikugeuka kuwa utaratibu. Hakukuwekwa kanuni ya kumtaka waziri, kabla ya kuruhusu operesheni, aonyeshe nani atakagua mahabusu na taarifa ya kifo itamfikia kwa njia ipi na ndani ya saa ngapi. Hata Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 inajulikana zaidi kwa matamko ya mali ambayo kiongozi anatakiwa kuyajaza. Ni jambo la lazima, lakini fomu ya mali inauliza kiongozi amechukua nini. Haimuulizi watu aliowadhamini wamefanya nini.

Kurudi

Mwinyi hakuachwa pembeni kwa muda mrefu. Mwaka huohuo wa 1977 alipelekwa Misri kuwa balozi, akakaa huko hadi mwaka 1982, kisha akarudi katika Baraza la Mawaziri. Mwanzoni mwa mwaka 1984, Aboud Jumbe alipojiuzulu, alikabidhiwa Urais wa Zanzibar, na tarehe 5 Novemba 1985 akaapishwa kuwa Rais wa Jamhuri ya Muungano, nafasi aliyoishika kwa miaka kumi.

Wapo wanaosema kwamba historia hii inapunguza thamani ya kujiuzulu kwake, kwa kuwa ubalozi wa Cairo hauwezi kuitwa maumivu. Hoja hiyo ina uzito wake. Mtu aliyepoteza ndugu yake katika mahabusu ya Shinyanga hakupewa ubalozi. Hata hivyo, tukirudi kwa mdhamini wetu wa mahakamani, akishalipa, deni limekwisha na hakimu hamzuii kumdhamini mtu mwingine kesho. Kama kujiuzulu kungekuwa kifo cha kisiasa kila mara, viongozi wote wangeng'ang'ania mpaka wang'olewe, na sisi tungebaki na kuwajibishwa tu, bila kuwajibika. Kwa hiyo naona kurudi kwake kulikuwa halali. Hatari iko pale kurudi kunapokuwa kwa uhakika na kwa haraka mno, kiasi kwamba kujiuzulu kunakuwa likizo. Miaka mitano nje ya nchi, bila ahadi ya urais ambayo mtu yeyote angeweza kuiona mwaka 1977, haikuwa likizo.

Aidha haifai kukigeuza kitendo kimoja kuwa cheti cha maisha yote. Ni katika urais wake, kwa Azimio la Zanzibar la mwaka 1991, ambapo masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha yaliyomzuia kiongozi kupangisha nyumba, kumiliki hisa au kupata mishahara miwili yalilegezwa. Wengi wanaoomboleza kuporomoka kwa maadili ya uongozi huanzia hapo. Mtu yuleyule aliyelipa dhamana yake kikamilifu mwaka 1977 aliongoza wakati ambapo dhamana za wengine zilipunguzwa masharti, na mchambuzi mwaminifu anapaswa kuyaandika yote mawili.

Wasiotajwa

Kuna upande mmoja ambao kujiuzulu hakukuufikia. Wanawake wazee wa Kanda ya Ziwa waliendelea kuuawa kwa tuhuma za uchawi kwa miongo mingi baada ya mwaka 1977, na katika miaka ya 2000 imani zilezile za ramli zikageukia watu wenye ualbino. Operesheni ilishindwa mara mbili: iliwaua waliotuhumiwa mauaji bila kuwahukumu, na haikuwaokoa waliotakiwa kuokolewa. Kuondoka kwa viongozi wanne kulilipa deni la kosa la kwanza. La pili lilirithiwa na waliowafuata, na sijawahi kumsikia waziri akitakiwa kuondoka kwa sababu ya ajuza aliyekatwa mapanga kijijini. Kifo kikisababishwa na dola, tunajua nani wa kuulizwa. Kikisababishwa na jirani huku dola ikiwa imesinzia, tunasema ni mila.

Mwinyi alifariki dunia Dar es Salaam tarehe 29 Februari 2024, akiwa na umri wa miaka 98, na akazikwa Mangapwani, Unguja, tarehe 2 Machi. Katika siku za msiba barua yake ya mwaka 1977 ilikumbukwa tena, na ilistahili kukumbukwa. Lakini katika kisa hiki, kwa jinsi tulivyozoea kukisimulia, waliofia mahabusu ni sababu tu ya waziri kuandika barua. Hawana majina wala vijiji, na wala hatusikii kama kuna mtu aliyekwenda kuwaambia wake zao na wazazi wao, uso kwa uso, kwa nini hawakurudi nyumbani. Barua ya waziri ilipelekwa kwa Rais, kama utaratibu unavyotaka. Wenye mali iliyowekewa dhamana walikuwa wamekaa Usukumani, wakisubiri.